Maji ya Noleo

Nilipokuwa mtoto, kwetu Tezo, kitu nilichokiogopa kuliko chatu ni kotama ya baba. Si kwa ukali wake, la. Baba alikuwa mgema, na hawe, nyanya yangu mzaa baba, alituambia kwamba kisu cha mgema kina mwenyewe mmoja tu, naye hufungwa nacho kwa maji. Mkono mwingine ukiingilia, kisu humkana mwenyewe, na mnazi nao humtapika. Basi sisi watoto tukiiona kotama imechomekwa makutini tulipita mbali, na kisogo kikitusisimka.

Mwaka mmoja wa themanini na kitu mpini wake ulianza kucheza. Baba akaenda nayo kwa Mzee Karisa, mhunzi, nami nikafuatana na mama, maana njia ya kisimani ilipita hapo hapo. Tulipofika tukirudi na maji, kazi ilikuwa imepamba moto. Mpini mpya ulikuwa umekwisha kutobolewa. Kilichobaki ni kuvika noleo, ile pete ya chuma inayobana shingo ya mpini. Likiwa baridi lilikuwa dogo, halipiti ng'o. Mzee Karisa alilitia motoni hata likawa jekundu, likatanuka, akalivika kwa koleo na kuusokomeza mzizi wa kisu tunduni. Mti ukaanza kufuka. Hapo mwenye kisu ndiye humwagia maji, kwa mkono wake mwenyewe, ili chuma kinywee na kubana. Baba alikuwa tayari na kata ya maji. Moshi ukamwingia machoni, akapaliwa, kata ikamponyoka, maji yote chini. Ndimi za moto zikaanza kuulamba mpini.

"Maji! Maji, nyinyi!" alipiga kelele Mzee Karisa.

Mama akatua ndoo yake, akamwaga. Shaaa! Mvuke ukatufunika sote. Mzee Karisa akauvuta mpini kwa nguvu zake zote, akauzungusha, akaugonga kwenye jiwe.

"Limeshika," alisema. Kisha akamtazama mama. "Ila mkono si wenyewe."

"Aa, wacha, mzee," baba akacheka. "Mke na mume si kitu kimoja?"

Na kwa kuwa baba hakujua kuficha mzaha, jioni akamhadithia hawe, eti kotama yake imebatizwa na mkewe. Hawe hakucheka. Aliliweka tonge chini.

"Kazungu, kesho ukalitoe noleo hilo, lirudiwe."

"Mama, kazi nzuri hairudiwi."

"Haya. Mimi nimesema."

Masika ikaingia. Minazi ikalowa, vidato vya kupandia vikaota ukungu, na asubuhi moja baba akaletwa nyumbani amebebwa, nyonga imevunjika. Hakuna aliyetaja utelezi. Hawe alisimama mlangoni akamkabili mama.

"Mkazamwana, ulimmwagia nini mwanangu?"

"Maji, mama. Maji tu."

"Ungeuacha mti uungue!"

Nami niliamini. Nani asingeamini? Mambo yalikuwa yametokea kama yalivyosemwa. Majirani waliokuja kutoa pole walimpa mkono hawe, mama wakampita. Ilijulikana wazi kwamba mama akikaa pale, ugonjwa wa baba hautapoa. Kilichobaki ni baba kusema neno la kumtetea, naye alikuwa amelala kaelekea ukutani.

Siku moja waliponiacha nimpepee inzi, aliniomba nimletee kotama. Akashika mpini, akavuta, akapinda hata jasho likamtoka. Noleo halikusogea hata unywele. Aliliangalia kwa muda, akakisukuma kisu uvunguni. Nilingoja amwite hawe amwonyeshe kwamba kisu hakikumkana. Hakumwita. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya cha baba hakikuwa na mshindo wowote. Mama alifunga kanga zake, akaenda Ganda kwa kaka yake, nami nikakatazwa kumsindikiza. Nililia hadi sauti ikakauka.

Hawe alikufa akiamini alichokiamini, nami sina kinyongo naye. Alikuwa akimlilia mwanawe. Baba naye alifuata baada ya miaka. Shuleni nilifundishwa kwamba chuma hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, wala hakiulizi maji yametoka mkono wa nani. Nilifurahi mno! Niliona nimepata dawa ya mama yangu. Nikiwa mtu mzima, na watoto wangu mwenyewe, nilikwenda Ganda, nikamkuta anamenya muhogo, nikamweleza yote: pete, moto, maji. Kwamba mkono wake ndio uliouokoa mpini ule. Kwamba hata baba aliujaribu kitandani, nami nikiona, akaukuta imara.

Mama akaacha kumenya.

"Aliujaribu?"

"Ndiyo, mama."

"Kabla sijaondoka?"

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. "Ndiyo."

Aliuweka muhogo chini.

"Mimi nilimsamehe baba yako siku ile ile niliyotoka Tezo," alisema. "Nilijiambia, maskini, naye anaamini kama mama yake. Hajui."

Kisha akaniomba nimwache peke yake kidogo. Nilikwenda kukaa uani, nikamsikia akilia.