Njia Iliyopindishwa kwa Ajili ya Baba

Niliondoka Ujiji kwa sababu ya simu moja. Aliyepiga ni Mama Beatrisi, mjane wa Kikasai, watu wa mkoa mwingine wa Kongo, aliyekuwa jirani wa marehemu baba huko Lubumbashi. Alisema mgodi wa zamani, ule baba alimochimba shaba mpaka kifua kikamshinda, sasa unageuzwa kuwa bustani ya mkoa mzima, na njia ya wageni ingepita juu ya kaburi lake.

"Kuya mbio," aliniambia, yaani njoo haraka. "Banataka kumuhamisha, na mwenye kusema juu yake njo wewe."

Baba alizikwa nikiwa bado mwanafunzi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika kaburini. Mama alinishika mkono. "Nenda, Mwajuma. Waambie wamwache alale." Nikaomba ruhusa shuleni ninakofundisha, nikafunga safari.

Kutoka Kigoma basi lilipita Mpanda na Sumbawanga, ambako baridi ilinifanya nijifunike khanga zote nilizobeba. Njia nzima hadi Tunduma nilikuwa napanga maneno ya kugombana na watu wa bustani. Zambia niliivuka nikisinzia na kuamka, nje ni msitu usiokwisha.

Kasumbalesa, mpakani, malori yaliyobeba shaba yalikuwa yamesimama foleni ndefu, madereva wakipika chini ya matela. Askari wa uhamiaji aliniuliza ninakwenda kufanya nini Kongo. Nilipomwambia nakwenda kaburini kwa baba, aligonga muhuri. "Pole, mama. Pita."

Jioni nilifika Hewa Bora, mtaa wa Lubumbashi anakoishi Mama Beatrisi. Alikuwa mlangoni, mnene, kitambaa cha kijani kichwani. Alinitazama sana kabla ya kunikumbatia.

"Uko na macho ya yaya Saidi," alisema. Alimwita baba yaya, yaani kaka mkubwa. Ndani nilikuta bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, mezani, na pembeni birika la maji na mkeka mpya. Mkristo huyu alikuwa amekwenda kwa jirani yake, Mwislamu wa Maniema, kuuliza kibla kiko upande gani, ili nikifika nisihangaike. Nilisali nikilia.

Asubuhi tulichukua teksi, tukapita mashamba ya Annexe, pembezoni mwa mji, tukafuata barabara ya Kipushi hadi mgodini. Nilitarajia kuchukia nitakachokiona. Lakini shimo kubwa lilikuwa limejaa maji ya kijani, na juu ya vilima vya udongo wa mgodi, ambako shaba hairuhusu mti kuota, watu walikuwa wakichimba mashimo mapana na kuyajaza udongo mzuri kabla ya kupanda miche. Mama Beatrisi alisema zamani vumbi la pale liliingia hadi kwenye masufuria.

Msimamizi, Injenieri Kalenga, kijana mpole mwenye buti za matope, alitupeleka kaburini. Lilikuwa limefyekwa, limezungushiwa mawe. Nikachutama, nikayagusa.

"Mama, mi sina ubaya," Kalenga alisema. "Uku kwa shimo udongo iko naanguka. Uku kwingine ni shamba ya uyu mama Beatrisi. Njia haina pa kupita."

"Kwetu maiti hafukuliwi kwa ajili ya njia," nilimjibu.

Ndipo Mama Beatrisi aliposema, "Pitisheni mu shamba yangu."

Lilikuwa shamba la mihogo, limestawi, na watu wa bustani walikuwa wamemwachia alilime. Nikamshika mkono. "Mama, usifanye hivyo. Utakula nini?"

"Sikiya, mwanangu. Siku zile benyeji ba huku banatufukuza sisi Bakasai, ati turudi kwetu, yaya Saidi alitufungia mu nyumba yake, mi na bwana yangu na batoto. Bale bantu ba kutufukuza bakapiga mulango. Akatoka inje, akabaambia: apa kuko bibi yangu mugonjwa, muniue mbele, kisha muingie. Bakaenda." Akafuta macho kwa kona ya kitenge. "Muogo, nitapanda ingine. Yeye, nitamutoa wapi?"

Hatukuwahi kuisikia habari hiyo; na bibi huyo, yaani mke, alikuwa mama yangu, aliyekuwa mzima Ujiji siku hizo. Baba alikuja likizo mara mbili baada ya hapo, akatuletea vitenge na sufuria za shaba, asiseme neno.

Kalenga alikwenda kuzungumza na wakubwa wake. Mchana alirudi akitabasamu, akawaamuru vijana wake wahamishe vigingi. Tuling'oa mihogo pamoja, Mama Beatrisi na mimi, na vijana wakatusaidia kuipakia. Kisha nikamsomea baba Yasini. Mama Beatrisi alisimama nyuma yangu, akapiga ishara ya msalaba, akaitikia amina.

Nilirudi kwa njia ileile, bila hasira niliyoondoka nayo. Nilikuwa nimekwenda kumtetea baba ugenini, nikakuta anatetewa na mtu asiye wa damu yake. Nilijifunza kwamba wema wa mzazi unaweza kukaa kimya nchi ya mbali, ukilimwa na kutunzwa, hadi mtoto afike kuupokea.

Nyumbani nilimsimulia mama kila kitu. Alisikiliza, mkono shavuni.

"Aliniita mgonjwa?" hatimaye aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akainuka, akajifunga khanga kiunoni, akaenda sokoni kumtafutia Beatrisi dagaa wazuri, na dereva wa kuwapeleka.