Fundi Sikio na Pampu Iliyonyamaza

Kwa miaka ishirini na sita watu walimwita Sikio, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Mwenye gari alifungua swichi tu, bila kupiga stata. Fundi aliinama karibu na kiti cha nyuma, akasikiliza ule mvumo mfupi wa pampu ikisukuma mafuta kutoka tangini, kisha akatoa hukumu: nzima, imechoka, au imekufa.

Mwezi uliopita alimbadilishia mwalimu mmoja pampu, na ile mpya nayo haikuvuma. Alipoanza kuifungua tena, mwalimu akamshika bega, akamwambia mbona inalia vizuri tu. Sikio alicheka, akasingizia kelele za barabarani. Barabara siku hiyo ilikuwa tupu, haina hata gari moja.

Tangu hapo hakutulia. Nyumbani alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Simu aliacha kupokea, akawa anajibu kwa ujumbe. Gari la mwalimu lilipopita, alijitia kutafuta spana chini ya meza.

Asubuhi moja mkunga wa zahanati alifika akisukumiwa gari na wapita njia wawili. Mama mwenye mimba ya mapacha, upande wa pili wa mji, alikuwa akimsubiri ampeleke hospitali. Stata ilizungusha, injini haikuwaka.

Sikio alifungua swichi, akakimbilia nyuma, akainama. Kimya. Akarudi mbele, akafungua tena, akakimbia tena. Kimya kilekile. Pampu ndiyo iliyokufa, au ni yeye? Angeweza kusema imekufa, akaanza kuitoa, na nusu siku ikaishia hapo. Neno lilimfika ulimini. Akalimeza.

"Dada, njoo uiname hapa," alisema. "Uniambie kama unasikia kitu."

Mkunga aliinama. "Sisikii chochote. Wewe je?"

"Mimi sijui. Masikio yangu siku hizi hayaniambii ukweli."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mkewe. Akaipa mikono kazi. Fyuzi ilikuwa nzima. Aliweka kidole gumba juu ya rilei, kile kidude kinachoipelekea pampu umeme, mkunga akafungua swichi, na fundi akaihisi ikiruka. Akainua kiti cha nyuma, akachomoa plagi ya pampu, akagusisha taa ya kupimia. Swichi ilipofunguliwa, taa haikuwaka. Basi pampu ilikuwa ikisingiziwa bure. Umeme ulipotelea njiani.

Hapo ndipo alipouliza swali ambalo fundi mwingine angeanza nalo: gari lilizimikaje? Mkunga akaeleza kwa haya kwamba alirudi nyuma kwa haraka, akagonga nguzo ya geti, likazimika palepale.

Sikio alilala chini kwanza, akakagua tangi na mipira. Hapakuwa na tone wala harufu ya mafuta. Kisha akafunua zulia penye miguu ya abiria. Ilikuwepo pale swichi ndogo ya usalama, ile inayokata mafuta gari likigongwa. Kitufe kilikuwa kimeruka juu. Akakibonyeza, akamwomba mkunga asikilize nyuma, akafungua swichi.

"Inavuma," mkunga alisema.

Injini ikawaka, Sikio aliijua kwa mtetemo chini ya nyayo zake. Mkunga akaingia garini, akamwambia aje zahanati jioni ileile apimwe masikio. Fundi akasema ana kazi nyingi.

"Unaogopa kuambiwa nini?"

"Kwamba jina langu limekwisha."

"Jina ni la watu, watakuita watakavyo. Masikio ni yako." Akaondoka kwa kasi.

Kutwa nzima fundi alifungua sanduku la vifaa na kulifunga. Jioni alifika kwenye geti la zahanati mara mbili, akageuza. Mara ya tatu akaingia. Mkunga alikuwa hapo, amechoka, mapacha wamezaliwa salama. Alipompima fundi, sikio la kulia lilikuwa limezibwa na nta, akalisafisha. La kushoto lilikuwa limechoshwa na kelele za injini, na halitarudi.

Wateja wawili walimhama. Waliobaki wamezoea kuhojiwa kabla boneti haijainuliwa, na kumwona fundi wao amelaza kiganja juu ya tangi, amefumba macho. Bado hatulii. Lakini simu ikilia, anaipokea.