Damari Mpika Maji na Mstari Uliokataa Kunyooka

Saa moja asubuhi, mjini Singida, Damari Manase anachochea kuni chini ya pipa la shaba. Mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unadondoka chupani: to, to, to.

"Mkoa mzima hakuna anayenishinda kupika maji," anasema, kisha anajicheka. "Maana niko peke yangu."

Ana miaka hamsini na minane, na elimu ya darasa la nne. Mwaka huu wa 1979 ni mhudumu wa maabara ya mazao. Kila siku sharti atoe lita sita za maji ya mvuke kwa mashine inayotafuta sumu ya ukungu kwenye karanga. Mashine inasukuma maji ndani ya bomba jembamba, taa inayamulika, kalamu inachora karatasini. Kabla karanga hazijapimwa, mstari lazima unyooke.

Leo ni siku ya nne mstari unapanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Nje, magunia arobaini ya karanga kutoka vijiji vya ujamaa yanangoja.

"Shikamoo, mama," anasema Leonidas, fundi kijana, macho mekundu.

"Marahaba, mwanangu. Mashine bado ina homa?"

"Bado."

Ametoa mapovu ya hewa. Amebadilisha taa. Amefunga madirisha, upepo usiipoze. Wapi! Mkuu wake, Bwana Filipo, ameshaandika barua: fundi ameharibu mashine ya msaada, aondolewe kazini. Barua inakwenda na basi la mchana.

"Mama, maji haya ni ya mvuke matupu?"

"Tone kwa tone," anajibu Damari, akifagia palipokwisha kufagiliwa.

Moyo unamsuta. Maji ya visima vya hapa yana chumvi, na chai yake haina raha. Wiki hii amekuwa akijitengea birika moja la maji ya mvuke, anakunywa chai yake stoo kama mwizi wa nyama, na upungufu wa chupa anaujaza kwa maji ya kisima. Kidogo tu, alijiambia. Sasa kidogo hicho kinamfukuzisha kazi mtoto wa watu, naye mdomo hataki kuufungua.

Akiulizwa mipango yake, anasema atastaafu, afuge kuku kwao Kilimatinde, "na jina langu nirudi nalo zima." Anasema hivyo akitazama ufagio.

Kwa huruma, au kwa aibu, anamletea Leonidas kikombe cha chai. Kijana anapiga funda, anakitazama kikombe, anapiga la pili.

"Mama, tangu nihamie Singida sijanywa chai isiyo na chumvi. Maji umeyapata wapi?"

"Ya mvua, mwanangu. Niliyakinga juzi."

Leonidas anafungua dirisha. Vumbi linaingia.

"Juzi, mama? Mwezi huu wa nane, kiangazi hiki?"