Lenzi Inayoweza Kutolewa

Daktari wa macho Mombasa, binti mdogo mwenye haraka, aliniwekea lenzi mbili mezani kama muuza vifungo. Macho yangu ni mabovu tangu utoto. Bila miwani, aliye ng'ambo ya meza simtambui. Na miwani yenyewe imekuwa mizito hata inanichubua pua.

"Hii," akasema, "naipachika nyuma ya mboni, mbele ya lenzi uliyozaliwa nayo. Ikipandisha presha ya jicho au ikileta mtoto wa jicho, naitoa. Hii ya pili ni kubadilisha: lenzi yako naiondoa kabisa, naweka hii mahali pake. Hapo hakuna kurudi. Na kwa jicho lililorefuka kama lako, pazia la nyuma, linalopokea picha, linaweza kubanduka."

Nikauliza ipi inaona mbali zaidi. Akacheka. "Zote, mama. Utaona hata uso wa mtu ng'ambo ya barabara."

Huo uso ndio ninaouogopa.

Utotoni, kisiwani kwetu Ngumi, kusini mwa Kismayo, sikuwa na miwani. Dau likirudi, nahodha hupaza sauti toka mbali, walio pwani humwitikia, kisha wote hushuka kulivuta na kila nyumba hupata kitoweo. Wenzangu waliyatambua madau kwa tanga. Mimi kwa sauti. Asubuhi moja, vita vilipokwisha kufika Kismayo, dau la ami yangu lililokwenda huko kutafuta unga lilionekana likirudi, tanga lina kiraka cha buluu alichokishona mama. Watu wakashuka mbio. Mimi nikamshika baba kikoi, nikamuuliza kwa lafudhi ya kwetu, ambako mtu ni mchu:

"Baba, mbona hawaiti mchu?"

"Nyamaa, macho ya popo wee! Dau lechu hilo. Kiraka kile mimi sikioni?"

Akaingia majini kupokea kamba. Waliokuwamo hawakuwa watu wetu. Risasi zikalia, mama akanivuta hadi kwenye mikoko, na nilipogeuka niliona kitu cheupe tu kikilala majini. Mpaka leo nina hasira. Pwani nzima ya watu wenye macho mazima, na wote waliamini kitambaa.

Miwani ya kwanza nilipewa kambini, Kenya, na ndoto ikaanza hapo. Kile kitu cheupe kikapata mistari ya kikoi. Nilipobadilisha miwani Mombasa, kikapata mkono, na kamba mkononi. Kila lenzi ikizidi nguvu, ndoto nayo husafika. Wanangu hunicheka, eti ndotoni mtu havai miwani.

"Basi, mama, tuweke ipi?"

"Inayotoka."

"Sawa. Ila ukishaona vizuri, hutataka niitoe."

Nikatia sahihi fomu yake. Amenipangia wiki ijayo, jicho la kulia kwanza. Ndotoni kilichobaki ni uso.