Kufufua Benzi ya Marehemu kwa Viazi

Mzee wangu aliniachia shamba la viazi Mau Narok, watoto wenye mdomo, na benzi kuukuu ambayo kuku walikuwa wameshahamia. Kijana wangu mkubwa akataka kuiuza kama chuma chakavu. Nikamwambia auze meno yake kwanza. Mjukuu wangu wa kike, yule niliyemlea mimi, alikuwa amechumbiwa Rongai kwa watu wa magari mapya, na nilikuwa nimeapa ataenda kanisani ndani ya gari ya babu yake. Sikutaka watutazame kama watu waliopita kuomba maji.

Pesa ya kutengeneza yote mara moja sikuwa nayo, na mkopo sigusi. Tukapanga hivi: kila msimu wa viazi, kipande kimoja cha gari. Fundi akapanda kutoka Nakuru, mtu wa kitambi na majigambo, akaingia chini ya benzi akatoka na manyoya ya kuku kichwani.

"Mathe, tuanze na rangi, watu waone."

"Waone nikiingia mtoni nimepakwa rangi? Anza na breki."

Msimu wa kwanza, breki. Wa pili, injini. Wa tatu ndio ulikuwa wa mwisho kabla ya harusi, na baridi ikachoma viazi shambani. Ikabidi kuchagua: stata ama viti.

"Stata ndiyo inawasha gari," fundi akasema.

"Huku kwetu mlima ndio unawasha gari."

Sikuwa natania. Sisi wa huku juu gari kuukuu tunaiegesha ikitazama bondeni. Unaiachilia, inateremka, unatia gia, injini inashika. Nani atanunua stata na Mungu amempa mteremko wa bure? Tukanunua viti. Bibi harusi hawezi kukalia mavi ya kuku.

Siku yenyewe benzi ikashuka Mau kama jogoo anayeenda kupigana, mlango mmoja kijivu, boneti nyeusi, kwingine kutu. Usukani alikuwa nao kijana wangu mkubwa, na tai shingoni, kama kwamba gari ilikuwa wazo lake.

Akaizima mbele ya kanisa. Baada ya ibada tukaingia, maharusi nyuma, mimi mbele, ndipo nikatazama nje. Uwanja wa kanisa la Rongai umelala kama chapati.

"Mama, shuka kidogo gari iwe nyepesi," kijana wangu akanong'ona.

"Shuka wewe na hiyo tai."

Nyuma yangu shela ilikuwa inatetemeka. Nikadhani mtoto analia, kumbe ni kicheko. "Shosho, nishuke?"

"Ukishuka hapa watasema ulishushwa. Kaa."

Baba ya bwana harusi akaja dirishani, suti imemkaa vizuri. "Mama, kuna shida?"

"Shida hakuna. Kuna kazi."

Akatazama mjukuu wangu, akatazama watu, akavua koti. Wazee wa kwao wakamfuata, viatu viking'aa. Wakasukuma. Benzi ikakohoa, ikawatemea moshi mweusi kwa mashati, ikashika. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikapunga mkono pole pole, kama mke wa waziri.

Kwenye sherehe yule baba ya bwana harusi akaniletea soda mwenyewe, masizi bado kifuani.

"Mama, msimu ujao ni stata, sivyo?"

"Rangi," nikamwambia. "Wa kusukuma nimeshapata."