Rula na Figo ya Mdogo Wake

Kinyozi huyu watu walimwita Rula, na jina alikuwa amelitolea jasho. Akikuchonga ukingo wa nywele kwenye paji la uso, unanyooka kama umepigwa mstari na seremala. Wateja walipita vinyozi wanne njiani ili waje kusubiri kwenye benchi lake. Na yeye sifa alizipenda, tusidanganyane. Ukimsifu kidogo tu, kichwa kinavimba.

Figo zake ziliposhindwa kazi, akiwa na miaka arobaini na mmoja, aliyejitolea ni mdogo wake wa kike, mwalimu wa chekechea. Hakuombwa. Alipimwa, akaonekana anafaa, akalala mezani akachanwa ubavu, akampa kaka yake figo moja. Rula akapewa sharti moja: vidonge asubuhi na jioni, saa ile ile, maisha yake yote. Daktari wake, mama mmoja mpole, akamweleza sababu. Ndani ya damu kuna chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili, na kazi yao ni kumtambua mgeni na kumshambulia. Hawajui undugu hao. Mmetoka tumbo moja, sawa, lakini kwao figo hiyo ni ya mtu mwingine. Vidonge vinawapumbaza. Ukiviacha, wanaamka.

Rula aliitikia kila neno. Ila vidonge vilikuja na kasoro yake: mikono ilianza kutetemeka. Si sana, chai ilikuwa haimwagiki. Lakini wembe si kikombe. Jumamosi moja mteja wake wa siku nyingi, dereva wa lori, alijitazama kwenye kioo, akauona mstari umepinda juu ya jicho, akasema kwa utani kwamba siku hizi rula nayo imepinda. Benchi zima likaangua kicheko. Rula naye akacheka, lakini moyoni aliungua.

Mwenye akili angekwenda kwa daktari, aseme mikono inamtetemeka, aangaliwe upya kiasi cha dawa. Wapi! Huyu alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni. Akaanza kuruka kidonge cha Ijumaa jioni na cha Jumamosi asubuhi, ili siku ya wateja wengi mkono utulie. Na kweli ukatulia. Mistari ikanyooka, sifa zikarudi. Kliniki ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo kuanzia Jumamosi jioni alimeza dawa kama mtoto mwema, na damu ikipimwa inaonyesha dawa imo ya kutosha. Sikio la kufa, jamani, halisikii dawa.

Mwezi wa nne wa mchezo huo miguu ikavimba, mkojo ukapungua. Wakamlaza hospitali, wakapitisha sindano chini ya tumbo, pale figo ilipopandikizwa, wakanyofoa kijipande cha kupima. Kilikuwa kimejaa chembe nyeupe. Zilikuwa zimeingia mpaka kwenye vijifereji vya mkojo, zinaitafuna figo kutoka ndani. Daktari akamuuliza, mdogo wake akiwa palepale, kama amewahi kuruka dawa.

"Sijawahi, daktari," akasema Rula bila kupepesa macho.

Daktari akatazama vipimo vya Alhamisi zote, akasema basi wakati mwingine mwili hukataa tu. Wakamtundikia dripu ya dawa kali kwa siku tatu.

Siku ya tatu mdogo wake alikuja mchana kutoka shuleni, vidole bado vina chaki. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akawa anaongea huku ameinamia sakafu. Alisema hapati usingizi. Utotoni aliugua sana, kaka anakumbuka, na huenda figo ilichoka tangu wakati ule. Yeye alilifikiria hilo kabla ya kupimwa, akanyamaza kwa kuogopa asije akakataliwa.

"Nisamehe, kaka," akasema. "Nilikupa kitu kibovu."

Rula aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Angeweza kusema usijali, mdogo wangu, na yangeishia hapo, asingejua mtu. Alifungua mdomo aseme hivyo hivyo, ulimi ukakataa. Akamwambia yote: Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi, wembe, dereva wa lori na kicheko cha benchi. Kadiri alivyoeleza ndivyo jambo lenyewe lilivyozidi kuwa dogo na la kipuuzi, akatamani godoro limmeze.

Mdogo wake akauliza Jumamosi ngapi. Kumi na nne, akajibu.

"Mimi nilikubali kuchanwa ili uishi," akasema taratibu. "Wewe ukashindwa kuchekwa?"

Wakati huo daktari akaingia na majibu ya damu. Figo imetulia, akasema, lakini sehemu iliyokwisha kuharibika haitarudi. Na zile chembe zikishaijua figo hazisahau upesi, kwa hiyo dawa itabidi iongezwe. Tena alikiri kwamba bado hajaelewa kilichoziamsha. Akauliza kama wana swali.

Mdogo wake akasimama, akachukua mkoba wake.

"Kaka ana neno la kukwambia, daktari," akasema, kisha akaenda kusimama mlangoni. Hakutoka. Alimsubiri mpaka Rula akaanza kueleza ile Jumamosi ya kwanza.