Bi Kasoro na Ankara ya Mjomba

Ofisini walimbandika jina la Bi Kasoro, na likamganda. Kampuni yao ilikuwa ya kutuma pesa kwa simu. Mteja akibonyeza, kufumba na kufumbua zimefika. Lakini walioiuzia kampuni yenyewe karatasi, maji ya kunywa na viti, hao walipigwa danadana mpaka wakachoka, na aliyewapiga ni yeye, pale kwenye meza ya malipo. Kazi yake haikuwa kulipa. Ilikuwa kutafuta kosa kwenye ankara, airudishe ikarekebishwe, siku za kusubiri zianze upya. Muhuri umefifia. Anwani haina sanduku la posta. Alikuwa hodari, na uhodari huo aliuonea haya.

Kisha ikaja ankara ya mjomba wake, seremala, aliyetengeneza meza zote za ghorofa ile. Bi Kasoro mwenyewe ndiye aliyempeleka mjomba kwenye kampuni, akijua fika wanavyolipa, kwa sababu mzee alikuwa amekaa bure muda mrefu na alitaka kumfaa. Aliipekua juu chini, hakuona kosa.

"Hiyo irudishe," mkuu wa fedha alisema bila kuinua macho. "Mwezi huu hakuna kitu."

"Haina kosa, bosi."

"Wewe ndiye Bi Kasoro. Utaliona tu."

Akairudisha: sahihi imegusa mstari. Mara ya pili, tarehe. Mara ya tatu mjomba alikuja mwenyewe mapokezi, shati limepigwa pasi. Mashine ya kuranda ilikuwa imeshachukuliwa na muuza mbao anayemdai. Asipolipwa wiki ile, na karakana inakwenda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu iangalie kabla sijaikabidhi. Mimi shule yenyewe ya kuungaunga. Nionyeshe kosa nilimalize kabisa."

Ilikuwa safi. Alitamani kumwambia kosa si lako, mjomba, wanakuchezea, tafuta wakili. Akawaza kodi ya nyumba na ada za watoto, akaacha. Alijichukia, na chuki hiyo haikumsaidia mtu.

"Hapa," alisema, akigusa jumla. "Ungeiandika na kwa maneno."

Uso wa mjomba ukang'aa. Akaomba kalamu pale pale.

"Kumbe ni hilo tu," alisema. "Usingekuwa wewe humu ndani, mwanangu, hawa wangenizungusha."